“Kwa hiyo mpaka nife?” Kisa cha nesi wa Dallas aliyekuwa na bima ya maisha

Folda ilikuwa ya plastiki, ya bluu, na kila karatasi ndani yake ilikuwa na mahali pake. Ndivyo walivyo manesi. Aliiweka juu ya meza ya jikoni, akapachika mto mgongoni mwa kiti, kisha akakaa taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, kama mtu anayetua ndoo bila kumwaga maji.

“Kaka, mie bima ninayo,” akasema. “Nalipa dola 285 kila mwezi tangu 2019, sijaruka hata mmoja. Nisaidie kujaza fomu tu, wanilipe.”

Ilikuwa Aprili 2023. Nitamwita Dada, maana ndivyo ninavyomwita. Ameniruhusu kukieleza kisa chake, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Ni mzaliwa wa Tanga. Alifika Texas 2012, akaanza kazi ya kuhudumia wazee, akawa anasoma usiku, na mwaka 2016 akapata leseni ya unesi kamili. Mwanzoni mwa Februari 2023, siku zile Dallas ilipogubikwa na barafu, aliteleza kwenye ngazi za nje za jengo analoishi akiwa amebeba tenga la nguo za kufua. Diski moja ya kiunoni ikachomoza na kubana neva ya mguu wa kushoto. Alikuwa na miaka 41.

Kabla ya kuanguka alikuwa akifanya kazi kupitia kampuni inayokodisha manesi kwa hospitali, dola 48 kwa saa, saa 36 kwa wiki. Ukitoa wiki mbili za kwenda nyumbani, hizo ni dola 86,400 kwa mwaka, au 7,200 kwa mwezi kabla ya kodi. Humo ndimo ilimotoka kodi ya nyumba, mkopo wa gari, watoto wawili, dawa za mama yake, na tofali za nyumba anayoijenga Pongwe kidogo kidogo. Tangu Februari kilichoingia ni sifuri.

Niliisoma folda yote pale pale, chai ikapoa. Ulikuwa mkataba wa bima ya maisha ya kudumu wa dola 500,000, ule wa aina ambayo sehemu ya ada hukatwa kulipia bima na sehemu huwekwa akiba inayokua kwa kufuata soko la hisa. Wanufaika walikuwa mama yake na watoto. Nyuma kabisa kulikuwa na kurasa tatu za nyongeza, na kuhusu hizo ndipo aliyemuuzia alipomwambia maneno ambayo Dada aliyakumbuka neno kwa neno: “Hii si bima ya kufa tu, hii inakulipa ukiwa hai.”

Yule muuzaji hakusema uongo. Mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo kwenye kazi hii ya uwakala wa bima niliuza mikataba ya aina hiyo, na nilikuwa nasema hivyo hivyo, tena kwa furaha. Tatizo liko kwenye swali ambalo mnunuzi hajui aulize: ukiwa hai, lakini katika hali gani?

Nikamfungulia ukurasa. Nyongeza ya ugonjwa wa kudumu inaruhusu kuchukua mapema sehemu ya yale malipo ya kifo iwapo mtaalamu wa afya atathibitisha kwamba, kwa muda usiopungua siku 90, mwenye bima hawezi kufanya peke yake mambo mawili kati ya sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kuzuia haja. Au akili yake iwe imeharibika kiasi cha kuhitaji mtu wa kumwangalia.

“Unaoga mwenyewe?”

“Naoga. Kwa taabu, ila naoga.”

“Kuvaa?”

“Soksi navalishwa na binti yangu.”

“Kula unakula, chooni unakwenda.”

“Kaka,” akanikatiza, “mie siwezi kumgeuza mgonjwa kitandani. Daktari kaandika nisiinue kitu kinachozidi paundi 20. Mgonjwa gani ana paundi 20? Siwezi kusimama zamu nzima ya saa 12. Kazi sina. Kwa hiyo mpaka nife?”

Sikuwa na jibu zuri zaidi ya hilo alilokwisha kujijibu. Fomu tulijaza, kwa kuwa kudai ni haki yake. Daktari akaweka alama kwamba yote sita anayaweza, na mwezi uliofuata barua ikaja: hajatimiza masharti ya nyongeza. Kampuni ilisoma mkataba kama ulivyoandikwa, na mimi ningeusoma vivyo hivyo.

Bima ya maisha ina swali moja, nalo ni jepesi: amefariki au hajafariki? Cheti cha kifo kinalijibu. Hata zile nyongeza zake za “ukiwa hai” zimetungwa kwa kuangalia mwili unaokaribia mwisho wake au usioweza kujihudumia. Hazikuulizi ulikuwa ukifanya kazi gani. Bima ya kipato, ile inayokulipa ugonjwa au ajali ikikuzuia kufanya kazi, huanzia upande wa pili kabisa: ulikuwa ukifanya kazi gani, ukiingiza kiasi gani, na leo unaweza kuifanya? Kwa swali la kwanza Dada alikuwa mzima. Kwa swali la pili alikuwa amesimama kazi kabisa, na vipimo vya kuthibitisha alikuwa navyo kwenye ile folda ya bluu.

Mkataba wa bima ya kipato anaonunua mtu binafsi Marekani hulipa kila mwezi, si kitita cha mara moja. Kwa kawaida kampuni hukubali kufidia kama asilimia 60 hadi 70 ya kipato, haizidishi, kwa hofu kwamba mtu akilipwa sawasawa na mshahara hataona sababu ya kurudi kazini. Kwenye bima ya maisha hakuna kizuizi cha namna hiyo. Anayeingiza 86,400 anaweza kununua ya nusu milioni na zaidi, maana aliyekufa harudi kazini. Kuna kipindi cha kusubiri kabla malipo hayajaanza, ambacho wengi huchagua kiwe siku 90. Na kuna ukomo wa kulipwa: miaka miwili, miaka mitano, au hadi ufike miaka 65 au 67. Unayetaka kusubiri kidogo na kulipwa muda mrefu utalipa ada kubwa.

Kisha kuna tafsiri ya neno lenyewe, ulemavu, na hapa ndipo mkataba mzuri na mbovu hutengana. Tafsiri kali inasema utalipwa kama huwezi kufanya kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wako. Ya kati inasema utalipwa kama huwezi kufanya kazi yako na hujaanza nyingine. Ya juu kabisa inasema utalipwa kama huwezi kufanya kazi yako, hata kama umeanza nyingine yenye mshahara. Madaktari wa upasuaji hununua hiyo ya juu. Manesi mara nyingi hupewa ile ya kati, pamoja na kifungu cha kufidia pengo iwapo watarudi kwa kipato pungufu. Kifungu hicho watu hukiruka kwa sababu kinaongeza ada. Kwa Dada, kama tutakavyoona, kingekuwa na kazi kubwa kuliko vyote.

Lakini kwanza, mbona hakuwa na kinga nyingine yoyote?

Alikuwa nayo. Hospitali aliyoajiriwa hadi 2021 ilikuwa na bima ya kipato ya kundi kwa wafanyakazi wote, asilimia 60 ya mshahara, bila yeye kutoa senti. Aliiacha alipohamia kwenye kampuni ya kukodisha, dola 37 kwa saa zikawa 48. Nilipomuuliza kama alipiga hesabu ya alichokuwa anakiacha, alinijibu kwamba barua ya kuacha kazi aliiandika kwenye maegesho ya magari, baada ya zamu ya usiku ya tatu mfululizo. Namwelewa. Na ile ya kundi nayo ina mambo yake: nyingi hutazama kazi yako kwa miezi 24 ya kwanza, baada ya hapo hugeuka na kutazama kazi yoyote, hupunguza wanachokulipa kwa kiasi unachopata serikalini, na kwa kuwa mwajiri ndiye aliyelipa ada, malipo hukatwa kodi ya mapato. Ukilipa ada mwenyewe kwa fedha ambazo kodi yake imekwisha kukatwa, malipo hayaguswi.

Fidia ya kuumia kazini haikumhusu, kwani aliangukia nyumbani. Aliyezoea habari za NSSF na WCF za Tanzania hudhani kila mwajiri analazimishwa na sheria kuchangia mfuko wa fidia. Texas mwajiri binafsi anaruhusiwa kujitoa, kwa hiyo hata angeanguka wodini tungelazimika kuuliza kwanza. Texas pia haina mfuko wa jimbo wa kumlipa mgonjwa wa muda mfupi, kama walivyo nao watu wa California au New Jersey.

Ikabaki serikali kuu. Social Security, mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ina malipo ya ulemavu, na Dada alikuwa amechangia miaka ya kutosha. Ila masharti yake hayafanani na ya bima yoyote ninayouza: hali iwe imedumu au itarajiwe kudumu miezi 12 au kuishia na kifo, malipo hayaanzi mpaka miezi mitano kamili ipite, na, hapa ndipo wengi huanguka, usiwe na uwezo wa kufanya kazi yoyote ya maana iliyopo nchini, si ya unesi tu. Mtu wa chini ya miaka 50, mwenye shahada, anayeweza kukaa kwenye kiti na kupokea simu, kwa macho yao bado ana kazi. Jibu lilikuja Julai: hapana.

Jamii nayo ilifanya inachojua kufanya. Kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa hapa, akifariki mtu tunakusanya fedha za kusafirisha mwili kwa wiki moja, na nimeshuhudia dola 18,000 zikipatikana kabla ya saa arobaini na nane kuisha. Kwa Dada zilipatikana 2,350 wikiendi ya kwanza. Ya pili, 140. Baada ya hapo watu wakawa wanatuma dua. Siwalaumu. Msiba una tarehe na una ndege ya kuwahi, mgongo hauna. Na nadhani hiyo ndiyo sababu mikataba ya maisha inauzika kwetu kama maandazi ya asubuhi: kila mmoja wetu amechangia maiti, na hakuna anayetaka mtoto wake apitishe bakuli. Kamisheni ya mwaka wa kwanza ya mkataba wa maisha wa kudumu, ambayo ni nono, inamalizia kazi. Bima ya kipato ina makaratasi mengi na maswali mengi, na wakala anayeanza huikimbia.

Sasa hesabu. Bima ya kipato kwa kawaida hugharimu kati ya asilimia 1 na 3 ya kipato cha mwaka. Kwa 86,400, hiyo ni kati ya dola 72 na 216 kwa mwezi. Nesi mwanamke huangukia upande wa juu, kwa sababu mbili ambazo zinaonyesha jinsi bima hizi zinavyotazamana kwa migongo. Ya kwanza ni jinsia. Kwenye bima ya maisha mwanamke hulipa pungufu kuliko mwanamume wa rika lake kwa kuwa huishi zaidi. Kwenye bima ya kipato ya mtu binafsi hulipa zaidi, kwa kuwa takwimu za makampuni zinaonyesha wanawake hudai mara nyingi zaidi. Ya pili ni kazi yenyewe. Kwenye bima ya maisha nesi na mhasibu ni kitu kimoja. Kwenye bima ya kipato kila kazi ina daraja lake, na kazi ya kuinua watu haiko daraja moja na ya kuinua kalamu.

Tuseme basi angelipa hata hizo 216, za juu kabisa. Angekuwa na mkataba wa dola 4,320 kwa mwezi, yaani asilimia 60, wenye siku 90 za kusubiri. Hesabu ingeanza kukimbia mapema Mei, na hundi ya kwanza ingefika Juni, kwa sababu hulipa mwezi ukishakwisha. Wengi husahau hilo na kuweka akiba ya miezi mitatu badala ya minne. Alikaa bila kazi hadi mwisho wa Oktoba, kwa hiyo angepokea miezi sita: dola 25,920. Novemba alianza kazi ya mezani nyumbani kwake, kupitia mafaili ya wagonjwa kwa niaba ya kampuni ya bima ya afya (sote wawili tulicheka), kwa dola 4,900 kwa mwezi. Pengo ni 2,300 kutoka 7,200, kama asilimia 32. Kile kifungu cha kufidia pengo kingemlipa asilimia hiyo hiyo ya 4,320, ambayo ni 1,380 kila mwezi, juu ya mshahara wake, maadamu pengo linatokana na mgongo na ukomo haujafika.

Nilipomwandikia tarakimu hizi nyuma ya bahasha alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la kinesi: “Na wangenikubali?”

Swali zuri, na jibu lake linategemea mwaka. Angeomba 2019, siku ile ile aliyonunua bima ya maisha, kwa upande wa afya ndiyo, faili lake lilikuwa safi. Mwaka 2021 alikwenda mara nne kwa mtaalamu wa kunyoosha mgongo, uchovu wa kazi tu, hakuna aliyemwambia ana ugonjwa. Kwa kampuni ya bima ya maisha ziara hizo nne hazina uzito wowote. Hakuna anayekufa kwa kiuno. Kwa kampuni ya bima ya kipato ni taa nyekundu. Wangeweza kumkubali huku wakiutoa uti wa mgongo wote nje ya mkataba, na kuanguka kwake kwa 2023 kusingelipwa. Kwa hiyo sitaki msomaji aondoke na picha kwamba kosa lilikuwa kununua kitu kisicho sahihi, basi. Alikuwa na dirisha la miaka miwili na hakuna aliyemwambia lipo.

Wale wanaolipwa kama wakandarasi na kupunguza kila kitu kwenye ritani ya kodi, mafuta, simu, hata viatu, wajue kwamba kampuni hupima kipato kwa ritani hizo hizo. Ukiiambia serikali ulipata 30,000, huwezi kuiambia bima ulipata 80,000. Na wenye mpango wa “nikiumwa narudi zangu nyumbani, 4,000 ya huku kule ni utajiri” wasome kwanza kifungu cha makazi. Mikataba mingi huweka ukomo wa malipo ukihamia nje ya Marekani na Kanada. Bima ya maisha haina ugumu huo kiasi hicho: kifo cha Tanga hulipwa kama kifo cha Dallas, ingawa watachunguza kweli kweli, hasa kikitokea ndani ya miaka miwili ya kwanza.

Tulifanya nini? Dada alitaka kuuvunja ule mkataba wa maisha kwa hasira. Alikuwa ameshalipa zaidi ya dola 12,000, na kwa makato ya kuvunja mapema angerudishiwa 3,100. Nilimzuia, si kwa sababu ya hizo fedha. Alikuwa anasubiri upasuaji, ana watoto wawili na mama, na kama jambo lingetokea mezani mkataba ule ndio pekee uliokuwa utawalipa. Tukapunguza kiwango kutoka 500,000 hadi 250,000, tukaiacha ile akiba ijilipie makato ya kila mwezi kwa muda, yeye asitoe kitu. Mikataba ya aina hii inaruhusu hivyo, na hilo ni jambo jema ninaloweza kusema juu yake. Kulikuwa pia na nyongeza ya kusamehewa ada mtu anapokuwa mlemavu, ambayo watu huidhania kuwa ni bima ya kipato. Hakuinunua. Na angekuwa nayo ingemwondolea deni la 285. Mkononi isingemtia hata senti.

Novemba 2024, alipotimiza mwaka kwenye kazi ya mezani bila kukatika, tuliomba bima ya kipato. Kampuni ilichukua rekodi zote za hospitali, ritani za kodi za miaka miwili, na mkojo na damu. Ilimchukua wiki tisa. Wakampa dola 2,500 kwa mwezi, siku 180 za kusubiri, hadi miaka 65, pamoja na kifungu cha pengo. Ada ni 97. Ya maisha, kwa ile 250,000, sasa analipa 150, kwa hiyo jumla bado iko chini ya 285 za mwanzo.

Mkataba ulifika na karatasi moja ya ziada mwishoni, yenye mistari minne. Inasema kampuni haitalipa ulemavu wowote unaotokana na uti wa mgongo, pingili zake, diski, misuli au neva zinazoshikamana nao. Aliisoma mara mbili, miwani puani, kidole kikifuata maneno. Akauliza saratani imo. Nikamwambia imo. Kiharusi? Imo. Akachukua kalamu, akasaini, akatoboa matundu mawili pembeni mwa karatasi na kuiweka kwenye folda ya bluu, mbele kabisa.